Maneno Tisa Aliyoyanyamazia Bi Salima

Jamani walimu wenzangu, mmenichosha. Tangu nirudi, kila mmoja ananivuta pembeni kwa wakati wake, huyu wakati wa chai, yule nikiwa katikati ya kusahihisha madaftari: "Mwanajuma, tusimulie habari za Bukini." Nikifika nusu, kengele inalia. Kesho yake naulizwa na mwingine, naanza upya tangu Mombasa. Bukini, yaani Madagaska, nimekwenda mara moja, lakini kwa kusimulia nimeshakwenda mara ishirini. Basi nimekaa nimeandika. Pokezaneni. Habari za pasi, mihuri na tikiti sizitii humu. Aliyepanga foleni anazijua, na asiyepanga Mungu amwepushie.

Tanga: sikio la kushoto

Mama yangu, Bi Hadia, nyote mnamjua. Mkija kwangu anawapa chai, anatabasamu, anarudi jikoni. Mnasema ni mpole. Si mpole hata kidogo. Mama alinyamazishwa, na mmoja wa waliomnyamazisha ni mimi.

Mama amezaliwa Mahajanga, katika zile familia za zamani za Waislamu wafanyabiashara, waliokaa pwani ile vizazi na vizazi na Kiswahili chao wenyewe. Babu alimleta Tanga akiwa na miaka tisa, akaolewa hapa, akatuzaa hapa. Ulimi wake lakini haukuhama. Penye "hapa" yetu yeye alisema "hava", na hiyo "va" yenyewe si ya kuuma mdomo kama tunavyofundisha darasani. Midomo yote miwili inakaribiana kama ya mtu anayepuliza chai, halafu inaachana bila kugusana. Mawifi walikuwa wakimsemesha makusudi ili wacheke.

Mimi nilikuwa na miaka minane, wa kwanza darasani, na kichwa kimenivimba. Siku moja mbele ya wageni nikasimama nikamwambia, "Mama, si hava. Ni hapa. Sema: ha-pa." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama naye alicheka. Tangu siku ile akawa mtu wa "ndiyo" na kutikisa kichwa, kwa sababu hata "hapana" ina ile sauti. Nimekuwa mwalimu miaka kumi na minane, na huyo ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza.

Mwaka jana sikio lake la kulia lilikufa. Daktari akatuambia la kushoto liko njiani. Tulipotoka kwa daktari tuliketi kwenye benchi la nje, mama akanivuta shela.

"Mwanajuma, kabla halijafa na hili, nataka nimsikie mtu mmoja tu anayesema kama mama yangu. Kama wamekwisha, niambie wamekwisha, nisikae nikiwangoja."

Nilijiona bure kabisa. Ndipo nikaanza safari. Ndugu yangu Athumani, baharia, alinipa tepurekoda ya betri, nzito kama mtoto anayetambaa, na tepu mbili. Mimi nikaandika daftarini maneno mia moja ya nyumbani: chungu, mwiko, shuka, mlango, mto wa kulalia. Nia yangu ilikuwa kumpata mtu, nimtajie neno la kwetu, yeye anipe la kwao, mashine inase. Msiniulize kwa nini sikuanza na mama mwenyewe. Nilianza naye. Aliliangalia daftari, akaiangalia kalamu yangu nyekundu, akasema chai inapoa.

Mombasa hadi Mahajanga

Melini nilipanda daraja la chini, pamoja na familia za Wangazija waliokuwa wanarudi kwao. Siku ya kwanza nilitapika. Siku ya pili pia. Ya tatu nikaamka nina njaa ya kuweza kula kamba za meli, na mama mmoja wa Kingazija akanipa muhogo wa nazi na pweza mkavu bila kuniuliza jina. Mungu amlipe.

Moroni tulikaa siku moja na nusu kwa sababu ya winchi iliyogoma. Hapo ndipo nilipogombana na mfanyabiashara mmoja wa karafuu, mzee mwenye koti zito katika jua lile. Aliniuliza naenda kufanya nini, nikamweleza.

"Unapoteza nauli," akasema. "Wale wamekuwa Wabuki wote. Wanaoana nao, wanazikana nao, wanaota kwa Kibuki. Utarudi na tepu tupu."

"Mzee, umewahi kuingia jikoni mwao?"

"Jikoni? Mimi?"

"Basi usiseme wote," nikamwambia. Aliniona mwanamke mkali, akahamia upande wa pili wa meli. Usinifikirie vibaya, msomaji. Nilimjibu vile kwa sababu nilikuwa nikiogopa kwamba yuko sahihi.

Mahabibo: siku tatu zilizozaa kumi na moja

Mahajanga nilipokewa na Moinaecha, mjane wa baharia aliyekuwa rafiki wa Athumani. Ni mwanamke wa asili ya Kingazija, mnene, mcheshi, ananizidi umri kwa miaka kama kumi. Nilimwamkia, "Shikamoo," naye akajibu, "Mbona!" Nikaanza kumweleza mbona: kwamba ni mkubwa wangu, kwamba ni heshima tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka akajishika kiuno. Kumbe kwao "mbona" ndilo itikio. Siku zote kumi na moja, kila nikimwamkia alijibu "Mbona" na kungoja kama nitaeleza tena.

Tulipanda puspus, kigari cha magurudumu mawili kinachovutwa na mtu, mpaka kwake Mahabibo. Mimi nilishuka kila penye mlima kwa kuona haya. Mvutaji akakasirika, akidhani nasema gari lake bovu.

Moinaecha anauza mokary, vimkate vya mchele na nazi. Ukivila unasema ni vitumbua, mpaka umeze cha tatu ndipo unajua si vitumbua. Siku ya kwanza baada ya wali alinipa kikombe cha maji ya moto yenye rangi ya chai na harufu ya kuungua. Nikachungulia ndani ya sufuria: ameyachemsha juu ya ukoko! Nikasema moyoni, masikini, hata majani ya chai hana, na mimi nimekuja kumwongezea mzigo. Kesho yake nikanunua majani ya chai, nikamkabidhi kwa heshima zote. Aliyatazama, akanyanyua kitambaa kabatini, akanionyesha makopo manne. "Mgeni," akasema, "haya ya ukoko ndiyo kinywaji cha wali. Hata tajiri anakunywa." Nilikunywa vikombe viwili ili kufuta aibu, na wallahi ni mazuri.

Kazi sasa. Kiswahili changu pale hakikunisaidia sana. Watu wanasema Kibuki chao cha kaskazini magharibi, na mwenye shule anasema Kifaransa. Nyumba za asili ya Kingazija husema Kingazija, ambacho mimi nilikishika kwa robo, kisha kikaniponyoka. Moinaecha ndiye aliyekuwa ulimi wangu, kwa Kiswahili alichokiokota kwa mabaharia.

Alinipeleka kwa wazee watatu wa zile familia za kale. Wa kwanza alinipa maneno ya dini, tawadha, swala, sadaka, akayatamka vizuri kuliko mimi. Wa pili, aliyekuwa na duka, alinipa mizani, bidhaa, faida. Wa tatu alinipa upepo, tanga, nanga, na majina ya mafundo ya kamba ambayo sisi wa Tanga tumeshayatupa. Nilifurahi mpaka nilipomuuliza, "Na mtoto akiacha mlango wazi, mnamwambiaje aufunge?" Mzee akafikiri. Akamwita mkewe. Wakafikiri wote wawili, wakanijibu kwa Kibuki.

Ndivyo ilivyokuwa kila nyumba. Nikapata ya kuswalia, ya kuuzia na ya kusafiria. Ya jikoni, kapu tupu. Jioni moja nikamwambia Moinaecha, "Yule mzee wa karafuu alisema kweli." Nilikuwa karibu kulia.

"Ee, mwalimu! Unawauliza wanaume habari za sufuria," akanijibu. "Yuko bibi mmoja kule kisiwa cha Nosy Be, Dzamandzar, kwenye kiwanda cha sukari. Bi Salima. Amezaliwa hapa hapa Mahabibo, akaolewa kule na Mbuki. Mama yangu akimwigiza tulikuwa tunacheka."

"Mlikuwa mnacheka nini?"

Moinaecha akakaribisha midomo yake, akapuliza: "Hava."

Nilisimama nikafunga mizigo saa ile ile. Lakini kufunga mizigo si kuondoka. Meli ndogo ya Nosy Be ilikuwa inangoja ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wanangoja mto ushuke. Kila asubuhi tunakwenda bandarini, kila asubuhi karani anasema "amaray". Hilo ndilo neno la kwanza la Kibuki nililolijua barabara: kesho.

Meli ya ng'ombe

Ng'ombe wakaja, wenye nundu na pembe ndefu, arobaini kwa hesabu ya macho. Moinaecha akaamua kufuatana nami, eti ana shangazi kule. Mimi nadhani alitaka kuona nitakavyoaibika tena. Kwa siku mbili nilishindwa kulala kwa mlio na harufu. Chakula kilikuwa wali na kunde za nazi, achari ya embe juu, na ndani ya kila sahani nzi wake.

Njiani Moinaecha alinifundisha kuwatofautisha abiria kwa masikio. "Funga macho," ananiambia. "Huyo wa Mahajanga, maneno yake yanakatika kama kuni. Huyo wa Nosy Be, msikilize, anayavuta mwishoni kama anakuuliza kitu." Mara ya kwanza nikaona ananichezea. Mara ya kumi nikawapata saba. Mwanamke wa Nosy Be, liwa ya manjano imemkauka usoni, alipojua tunachokifanya akaanza kusema makusudi kwa sauti ya Mahajanga ili anikoseshe, na meli nzima ikageuka mtihani. Sijawahi kufurahia mtihani kiasi kile.

Dzamandzar: alama nyekundu

Kutoka mjini bandarini tulipanda lori la magunia matupu. Harufu mbili zinakupokea: asali ya miwa inayochemka kiwandani, na maua ya mlangilangi wanayoyakamua manukato. Kila mmoja na pua yake. Mimi kichwa kiliniuma.

Bi Salima tulimkuta kibarazani, anachambua maua kwenye ungo, ya manjano huku, ya kijani kule. Ni mdogo wa umbo, na vidole vimepinda kwa kazi ile ya miaka mingi. Moinaecha akamsalimia kwa Kibuki, akaeleza tumetoka wapi. Bibi akaniangalia. Akasogeza ungo, akapapasa mkeka pembeni yake.

"Kaa hava, mwanangu," akasema.

Midomo ilikaribiana, haikugusana. Nilikaa. Nililia pale pale mbele ya watu, kamasi na yote, mwanamke mzima wa miaka arobaini. Bi Salima hakuuliza sababu. Alinipa ua moja ninuse.

Tulikula kwanza, samaki wa kuchoma na wali, na nikayaomba mwenyewe maji ya ukoko. Baadaye nikatoa mashine. Nikaanza, kwa ujinga wangu, kunasa hotuba: mimi fulani, wa shule fulani, nchi zetu hizi changa ambazo bendera zake bado zina harufu ya dukani, umuhimu wa lugha, na kadhalika. Nilisema dakika kumi. Moinaecha alisinzia.

Kisha maneno. Namtajia mwiko, ananipa la kwao. Namtajia jivu, ananipa. Ulimi wake ulianza na kutu, kwa sababu tangu dada yake afe hana wa kusema naye, akawa anachanganya na Kibuki. Neno la kumi na tano likaja limenyooka. Sauti za mama yangu zote zilikuwamo, hata ile "r" inayogonga mara moja tu. Nilikuwa namwona mama amejiinamia juu ya spika. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokota pete.

Tulipofika "kifuniko cha chungu", Bi Salima akanyamaza. Akaweka vidole mdomoni. Nikangoja, nikaona tepu inakwenda bure, nikaizima. Daftarini nikaweka alama nyekundu, mkasi, kama tunavyowawekea watoto. Tukaendelea. Kumfunika mtoto shuka: kimya, nikazima, mkasi. Kufumba macho: mkasi. Kufunga mlango: mkasi. Mia moja yalipokwisha, mikasi ilikuwa tisa.

Bi Salima akanyoosha kidole chake kilichopinda kwenye daftari. "Hizi nyekundu nini?"

"Ni yale uliyoyasahau, bibi," nikasema, kwa ile sauti yetu ya kumfariji mtoto aliyefeli. "Si kitu. Ni umri. Tisini na moja kwa mia umefanya vizuri sana."

Nikamgeukia Moinaecha amfasirie. Moinaecha akanitazama. "Hilo mimi silifasiri," akasema.

Haikuhitaji kufasiriwa. Bi Salima alinyanyua ungo wake, akaingia ndani. Mlangoni akasema jambo kwa Kibuki, taratibu, bila hasira. Halafu mlango ukarudi.

"Anasema mwalimu akapumzike," Moinaecha akaniambia. "Tena kakuambia kwa Kibuki. Ile lugha yenu amekunyima."

Dzamandzar, mara ya pili

Shangazi yake Moinaecha ndiye aliyetufungua macho. Kesho yake tulikuwa uani kwake, anakuna nazi, Moinaecha akimsimulia. Niliposoma yale maneno tisa niliyomtajia bibi, shangazi akaacha kukuna.

"Hajasahau. Hayo ni fady," akasema, yaani mwiko. Akaeleza, na Moinaecha akanipa moja moja.

Mume wa Bi Salima alitoka katika ukoo uliowatumikia wafalme wa pale. Mfalme wao alipofariki, jina aliloitwa akiwa hai lilizikwa naye. Halitajwi tena. Na si jina tu: kila neno linalofanana nalo kwa sauti linaachwa pia, liwe la Kibuki au la wapi, watu watafute njia nyingine ya kusema. Bi Salima ni wa nyumba ile, na ardhi ile ndiyo inayomlisha. Ile lugha ya zamani ya kwao Bi Salima ina mzizi mmoja wa kufunika na kufunga, na ule mzizi ukagongana na jina. Kifuniko, shela, kufumba macho, kufunga mlango, yote tisa yakaenda mara moja. Kwa miaka arobaini na zaidi, akitaka mlango ufungwe, Bi Salima anasema, "Upelekeni mlango kwake." Neno lenyewe siliandiki hapa. Nimempa ahadi.

Nilitamani ardhi inimeze. Nimetoka Tanga mpaka Dzamandzar kufanya kosa lile lile nililolifanya nina miaka minane. Mtu ananyamaza kwa heshima, mimi nampa mkasi.

"Meli inarudi kesho kutwa," nikasema. "Nikiikosa, ijayo haijulikani. Na mama..."

"Basi twende sasa," Moinaecha akasema. "Hiyo kalamu iache."

Tulimkuta bibi anamwagia maji mche wa pilipili. Nikapiga magoti kwenye tope la maji yale, nikamwomba radhi kama mtoto anavyomwomba mzazi wake. Sikueleza mengi. Nikamwambia kwamba mama yangu wa kunizaa, Hadia, anasema kama yeye, nikamcheka, akanyamaza; sasa masikio yanakufa, na jana nimemfanyia mtu wa pili.

Bi Salima alimwaga maji yote ndipo akajibu. Akanijibu kwa lugha yake.

"Sijasahau hata moja. Maneno hayo nimeyakalisha. Yamekaa tu, hayajafa." Akaniangalia. "Mama yako alitoka huku lini?"

"Alikuwa na miaka tisa. Sasa anakaribia sabini na tano."

Akahesabu kwa vidole vilivyopinda. "Mfalme alikuwa hai," akasema. "Basi yeye alitoka na maneno yake kabla hayajazikwa. Tena yuko nje ya ardhi hii. Huyo mwiko huu haumhusu." Akajipangusa mikono. "Lete hiyo mashine. Tunasema upya."

"Yote mia?"

"Yote. Jana kila nilipokaa kimya uliizima. Leo usiizime. Nikinyamaza, iache iende. Hapo ni pake yeye."

Tatizo tepu. Ya pili ilikuwa imejaa, na ya kwanza ilikuwa na wazee wa Mahabibo. Pa kunasia palikuwa mahali pamoja tu: juu ya hotuba yangu, kisha juu ya yale maneno ya jana yenye mapengo yaliyokatwa. Moinaecha akaniambia, "Futa, futa, hata mashine itashukuru." Nikaifuta, na umuhimu wa lugha ukaenda zake.

Bi Salima akasema yote mia, bila kuchanganya, akiwa amekaa wima. Alipofika kwenye kifuniko akanyamaza, nami nikaitazama tepu ikizunguka bila sauti. Pumzi moja, mbili, tatu. Jogoo wa jirani akawika ndani ya kimya kile. Sikuugusa mtambo. Kisha neno lililofuata. Mara tisa hivyo. Mwisho akaongeza salamu kwa mama, fupi sana: "Hadia, mimi Salima. Nipo."

Nyumbani

Njia ya kurudi siielezi. Ng'ombe hawakuwapo, wali ulikuwapo. Na Moinaecha tuliagana Mahajanga, nikamwambia, "Shikamoo, dada," akajibu, "Mbona!" Safari hii tulilia wote wawili. Wiki tatu nzima nilikuwa nikiota jambo moja: nafika, namwita mama, hageuki.

Nilifika mchana. Nikamwita kutoka mlangoni. Hakugeuka. Nikazunguka upande wa kushoto, nikamwita karibu na sikio, kwa sauti ya juu. Akageuka. "Wamekwisha?" akaniuliza.

Niliweka mashine juu ya meza ya jikoni. Mawifi wawili walikuwapo, wazee sasa, na watoto wa Athumani wakajazana. Mama akaweka sikio la kushoto juu kabisa ya spika, shavu limegusa chuma. Bi Salima akaanza.

Sijui kuandika uso wa mama. Kwenye "hava" ya kwanza alifumba macho, akashika ukingo wa meza. Wifi mmoja akajiziba mdomo, na safari hii hakuwa anacheka. Maneno yakaendelea, mama anaitikia kwa kichwa kila moja, kama mtu anayehesabu watoto wake wakiingia ndani. Likafika la kifuniko. Kimya. Nikanyanyua mkono nimweleze habari ya mfalme, ya mwiko, ya mzizi.

Mama alikuwa ameshalisema. Kwa sauti kubwa, sauti ambayo sijaisikia tangu utoto wangu, akalisema neno ndani ya kimya kile, kabla jogoo wa Dzamandzar hajawika. Kimya cha pili, akalisema la pili. Mtoto mmoja akacheka, nikamgeukia nimkemee, lakini mama akaendelea tu. Tisa yote. Hakukosa hata moja. Kisha ile sauti ikasema, "Hadia, mimi Salima. Nipo," na mama akainamia spika akajibu, "Nipo."

Halafu akaniambia nirudishe mwanzo.

Hayo ni ya miezi mitano iliyopita. Sikio la kushoto nalo limekwenda. Mmeshaona wenyewe tunavyoandikiana na kuonyeshana kwa mikono. Lakini mkipita kwangu alasiri mtakuta tepu inazunguka. Mama anaweka kiganja juu ya spika. Mtetemo ukikatika mkononi mwake, anajua ni zamu yake, analisema neno. Daftari nimemwachia yeye, na ile mikasi tisa ameifuta mwenyewe kwa wembe, taratibu, asitoboe karatasi.

Na siku hizi anasema, jamani. Anasema tangu alfajiri, haisikii sauti yake mwenyewe, wala hajali nani anacheka. Jana upepo ulikuwa unaingiza vumbi jikoni, akamgeukia mtoto mdogo wa Athumani, akamwagiza kwa neno lile la nne, lile ambalo wazee wa Mahabibo walilitafuta wakalikosa. Mtoto hakuuliza maana yake. Aliinuka, akaenda, akaufunga mlango.